Mafuta ya Safari

Asubuhi ile Amisa aliamka na moyo mwepesi kuliko asubuhi zote alizowahi kuamka, na hilo ndilo jambo ambalo hakujisamehe hata alipokuwa bibi wa wajukuu.

Furushi lake lilikuwa limefungwa tangu jana. Ndani yake alikuwa ameweka nguo mbili za kujifunga, kitana, na tasbihi ya marehemu bibi yake. Alilificha nyuma ya jiko, chini ya tenga la mihogo. Saa sita mchana kamyo ya Asani, lori lake la mizigo, ingeondoka Kasongo kwenda Kabambare. Ndani ya kamyo hiyo angekuwa Théophile, msaidizi wa daktari wa wanyama, yule ambaye mji mzima ulimwita Munganga wa Nyama. Alikuwa amepewa kazi mpya kule, na nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Na ubavuni mwa Théophile, Mungu akipenda, angekuwa yeye Amisa. Hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili na Asani mwenyewe.

Baba yake, mzee Bulaimu, alikuwa tayari barazani kwenye cherehani yake, anashona kanzu ya mtu.

"Unakwenda tena kwa paka?" aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, baba. Ni siku ya mwisho. Madamu anarudi Ulaya kesho."

"Mungu amusindikize. Labda sasa utaanza kunukia kama mutoto wa mutu."

Amisa alicheka kidogo, akainama kumbusu mkono. Baba hakuuachia mkono wake.

"Na yule kijana wa misioni," alisema, "munganga wa nyama. Jana alipita hapa mara tatu. Mara tatu, Amisa! Hapa kuna ng'ombe?"

"Njia ni ya watu wote, baba."

"Njia ni ya watu wote, macho yake si ya watu wote. Mama yake alisema sokoni, mbele ya wanawake, eti binti ya Bulaimu atamuzalia mutoto wake watoto wenye mikia. Weye hukusikia? Miye nilisikia. Nilikuwa namushonea blauzi yule Emilienne. Nilimurudishia bila vifungo."

"Baba!"

"Bila kifungo hata kimoja. Ajifunge na mikia." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Sikiliza, mama yangu. Mutu asiyeswali nasi hawezi kula nasi. Ukichagua nyumba yake, nyumba hii itakuwa ya jirani kwako. Nimesema."

Alimwita mama yangu, kama alivyomwita tangu utoto, kwa kuwa Amisa alirithi jina la mama mzazi wa mzee. Amisa akaondoka upesi, kabla machozi hayajamsaliti. Alizunguka nyuma ya jiko, akalitoa furushi, akalipitisha kwa Asani aliyekuwa anapakia magunia ya mchele, halafu akashika njia ya nyumba ya paka.

Nyumba ya paka ilikuwa mwisho wa barabara ya wazungu, penye miti ya mikaratusi. Madamu Hortense, mjane wa bwana mmoja wa pamba, aliianza mwaka ule mume wake alipokufa kwa homa. Wazungu wengine walipomaliza miaka yao mitatu walifunga masanduku, wakauza vitanda na viti, na paka wakawaacha kwenye ngazi za nyumba tupu. Paka wale hawakujua kula chakula cha kujitafutia. Walikaa mlangoni wakingoja sauti iliyokuwa imekwisha kuvuka bahari. Madamu akawakusanya. Wengine waliletwa kwa vikapu kutoka machimbo ya Salamabila, wengine kwa mitumbwi kutoka Nyangwe. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na magoti mabovu, alitafuta msichana wa kuwatunza. Amisa alikuwa na miaka kumi na tano. Sasa alikuwa na kumi na tisa.

Si kila mtu alipenda kazi hiyo. Lakini bibi yake Amisa, alipokuwa hai, alimwambia kwamba paka akinywa ndani ya bakuli lako, maji hayo hayamwagwi, ni maji safi. Ndiyo maana Amisa hakuwaogopa, na wao wakalijua hilo. Mtu mwingine akitaka kuwashika, walipanda juu ya paa au walimchana mpaka kwenye kiwiko. Kwa Amisa walilala chali, tumbo juu, kama watoto waliokwisha kunyonya.

Kati ya wote aliwapenda wawili. Wa kwanza ni Kapitani, dume mzee wa Nyangwe, mwenye jicho moja na sikio lililoraruka. Huyo alipigana na kila dume aliyefika. Wa pili ni Mirette, jike mweupe aliyeachwa na mke wa bwana mkubwa mmoja wa serikali. Mirette alipoletwa alikataa chakula siku sita. Aligeuza uso ukutani, akawa anakufa taratibu, mbele ya sahani iliyojaa samaki. Siku ya saba Kapitani aliingia na mjusi mdomoni. Akamweka mbele yake, akaenda kukaa mbali, akatazama pembeni kama mwanaume anayejifanya hana habari. Mirette akala mkia, kisha akala mwili. Tangu siku ile hawakuachana. Kapitani hakujilamba kwanza tena. Kila jioni alimlamba Mirette kichwa, shingo na miguu, ndipo akajigeukia mwenyewe.

"Angalia ile muzee," Théophile alisema siku ya kwanza alipokuja kutibu masikio ya paka. "Ametoa mahari ya mujusi."

"Na weye utatoa nini siku yako?" Amisa aliuliza, halafu akaona haya mpaka akajifunika uso kwa upande wa nguo.

"Miye? Sindano na dawa ya minyoo. Sina kingine."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Mwaka mzima walionana penye sahani za paka, yeye akishika kichwa cha mnyama na kijana akitia dawa, vidole vyao vikigusana ndani ya manyoya ambapo hakuna aliyeweza kuviona. Théophile alikuwa na macho ya kucheka na shingo ndefu iliyolowa jasho haraka. Akiwa karibu, Amisa alisahau majina ya vitu. Mara moja aliita ndoo sufuria mara tatu mfululizo, na Théophile akamletea sufuria mara tatu bila kumcheka.

Wiki moja nyuma, Théophile alipomwambia habari ya Kabambare na kumwomba waende wote, Amisa alimaliza kwanza kujaza sahani ya mwisho ya paka.

"Nitakuja," akasema hatimaye. "Nitamuacha baba, na Mungu atanihukumu. Lakini Kapitani na Mirette watakuja ndani ya kikapu. Wale si wa kuachwa mara ya pili."

"Paka wawili tu? Nilifikiri utaomba cherehani."

"Usicheke, Théo. Nakupa maisha yangu yote, nakuomba uhai wa viumbe wawili. Ukiwashindwa hao, na miye utanishindwa."

"Naapa kwa kaburi la baba yangu," Théophile alisema, na hakucheka tena.

Sasa, asubuhi hii, alikuwa anamngoja kwenye lango la nyumba ya paka. Alivaa shati jeupe la safari. Mkononi alikuwa na kopo la mafuta ya mawese, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha.

"Umelala kweli?" Amisa aliuliza.

"Kidogo. Furushi?"

"Liko kwa Asani. Alisema nitakaa mbele, karibu yake, nisivunjwe na magunia. Théo, una nini? Unaogopa baba yangu?"

"Siogopi mutu." Akamkabidhi kopo, na kijiti kilichozungushiwa pamba. "Madamu anataka wapakwe wote sasa hivi. Watu watakuja kuwachukua mbele ya mchana. Wa depo ya pamba, wa misioni, wa duka la Mugiriki."

Hapo hapakuwa na jipya. Desturi ya nyumba ile ilikuwa hii: paka akihama, anapakwa mafuta ya mawese kwenye nyayo zote nne. Akifika ugenini, badala ya kukimbia atakaa chini kujilamba, na akimaliza kulamba amekwisha kuimeza njia ya kurudi. Bibi yake Amisa ndiye aliyemfundisha, na Madamu, baada ya kudharau mwanzoni, aliona kwamba paka waliopakwa hawakurudi. Kwa miaka minne hapakutoka paka mlangoni pale bila mikono ya Amisa kupita nyayoni mwake.

"Kijiti cha nini?" aliuliza. "Siku zote napaka kwa mukono."

"Leo tumia kijiti. Mafuta haya ni... yamekaa sana, yataharibu nguo yako. Na Amisa," akashusha sauti, akatazama upande wa baraza, "Kapitani na Mirette uwaache. Usiwapake. Nitawatia kikapuni miye mwenyewe, nyuma ya jiko. Umenisikia?"

"Nimesikia, bwana munganga."

Alimwita hivyo kwa utani, akitumaini kuona macho yale yakicheka. Hayakucheka. Amisa akafikiri: ni mwanaume anayeacha mama yake, naye ana moyo.

Barazani Madamu Hortense alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kusukwa kwa uzi, miguu juu ya sanduku lililokwisha kufungwa. Mapajani alikuwa na barua ndani ya bahasha, ile aliyomwandikia daktari mzungu wa Kabambare kumsifu Théophile. Kila mtu alijua habari za barua hiyo. Bila barua, nafasi ile ilikuwa ya kijana mwingine kutoka Kindu.

"Amisa! Upesi!" alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Kila paka! Mimi hapana taka moja kubaki!"

"Ndiyo, Madamu."

Amisa akachuchumaa katikati ya ua, akaita kwa ulimi wake. Wakaja. Walishuka kutoka juu ya paa, walitoka chini ya ghala, walitoka kwenye nyasi za uzio, wakamzunguka wakijisugua magotini mwake. Wote kumi na tisa. Alimshika mmoja mmoja, akampaka nyayo, akamsemesha sikioni maneno ya kumuaga, maneno ambayo hata Théophile hakuwahi kuyasikia vizuri.

"Weye unakwenda depo. Kule panya ni wanono kama nguruwe. Usiwe muvivu... Na weye, mama watoto, misioni kuna maziwa, lakini usizalie ndani ya kanisa, watakufukuza... Nenda, baba. Usigeuke nyuma. Aliyekuacha hakukustahili."

Théophile alisimama hatua kumi kutoka pale, anafunga kamba kwenye kreti ya mbao ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa.

Wa mwisho walikuja wale wawili. Mirette alitangulia, mwembamba, anatembea kama anayeogopa kuchafua miguu. Kapitani nyuma yake na jicho lake moja. Walikaa mbele ya Amisa wakamtazama. Wenzao wote walikuwa wamepakwa, wanang'aa miguu. Amisa alikumbuka aliyoambiwa. Lakini akafikiri pia: Kabambare ni mbali kuliko depo, ni mbali kuliko misioni. Siku mbili za kamyo kwa barabara ile. Wakiruka njiani, wataitafuta Kasongo mpaka wafe porini. Kama kuna paka wanaohitaji kuimeza njia, ni hawa. Théophile ni munganga wa sindano, mambo ya mafuta anajua nini?

Akaweka kijiti chini. Kwa hawa hakutumia kijiti. Alichovya vidole vyake ndani ya kopo, akamshika Mirette mguu, akapaka taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayempaka bibi harusi hina. Akampaka na Kapitani, akaongeza kwa sababu nyayo zake zilikuwa pana. Alipomaliza aliinua uso, akamtafuta mpenzi wake, akamwinulia mguu mwekundu wa Mirette kumwonyesha. Alikuwa anatabasamu.

Théophile alikuwa anamtazama. Alikuwa anamtazama kweli, mdomo wazi kidogo. Kisha macho yake yakaenda barazani, kwa Madamu aliyekuwa ameegemea mbele anahesabu vichwa kwa kidole. Kisha yakashuka kwenye kamba ya kreti. Akalivuta fundo.

Amisa alicheka, akamwachia Mirette.

Ndipo Théophile alipokuja anakimbia. Alikuja na birika la maji na kipande cha sabuni, akampigia magoti, akamkamata mikono yote miwili kwa nguvu mpaka ikauma.

"Nawa! Nawa, Amisa! Usiguse mudomo! Sugua, sugua hapa, kwenye kucha!"

"Wee, pole pole! Ni mikono ya kwenda ikulu?"

"Nawa nasema!"

Hakuwahi kumpigia kelele. Tabasamu lilibaki usoni mwa Amisa bado, halikujua pa kwenda. Akatazama juu ya bega la Théophile. Yule jike wa misioni, aliyempaka miongoni mwa wa kwanza, alikuwa amelala ubavu katikati ya ua. Miguu yake minne ilikuwa imenyooka kama miguu ya kiti. Karibu naye mwingine alikuwa anajaribu kusimama, na kila aliposimama kiuno kilikataa.

"Wana nini?" Amisa aliuliza. "Théo. Wana nini?"

Théophile aliendelea kumsugua vidole.

"Théo, mafuta yana nini?"

"Madamu hakutaka waende kwa watu wengine," alisema kwa haraka, macho yake ndani ya birika. "Alisema amewapenda sana, hawezi kulala Ulaya akijua wanashikwa na mikono mingine. Wiki nzima ananisumbua. Niliweka nyama yenye dawa ya kuua, hawakula. Sindano, nani atawashika? Ni weye tu wanayemkubali. Nikaitia dawa ile ndani ya mafuta. Kama ningekuambia usingekubali."

Amisa aliinyofoa mikono yake. Alimkimbilia Kapitani.

Kapitani alikuwa amekaa penye kivuli cha ghala na Mirette mbele yake, na alikuwa anafanya kama alivyofanya kila siku. Alikuwa anamlamba mwenzake kwanza. Mguu wa kwanza ulikuwa mweupe tayari, wa pili mweupe, ulimi wake ulikuwa kwenye wa tatu. Amisa alimnyakua, akamfuta nyayo kwa nguo yake, akamtumbukiza kichwa ndani ya ndoo ya maji, akamtia kidole kooni atapike. Dume yule, ambaye hakumuuma maisha yake yote, hakumuuma hata sasa. Alimtazama kwa jicho lile moja. Mwili wake ulikakamaa mara moja, ukalegea, ukakakamaa tena, na mara ya tatu haukulegea.

Mirette alikufa baadaye. Alikuwa amelambiwa karibu mafuta yake yote, kwa hiyo alichelewa. Alijivuta kwa miguu ya mbele mpaka kwenye magoti ya Amisa, akamnusa Kapitani mdomoni, akageuza uso wake ukutani kama siku ile alipoletwa.

"Acha yeye!" Madamu alisema kutoka barazani. Alikuwa analia, kitambaa machoni, anatikisa kichwa kama mtu kwenye mazishi mazuri. "Acha walale. Sasa hawana taabu tena. Ni vizuri hivi. Amisa, wewe mikono ya dhahabu, mimi nasema asante."

Ua ulikuwa umenyamaza. Katika nyumba ile hapakuwahi kuwa na ukimya.

Théophile alimkaribia taratibu. Aliinama nyuma yake, akataka kumshika bega, mkono ukabaki hewani.

"Amisa. Saa inakwenda. Asani amefika langoni."

"Uliniona," Amisa alisema.

"Sikia kwanza..."

"Nilipokuwa nawapaka hawa wawili. Nilikuinulia mguu wake. Uliniona ao hukuniona?"

Angeweza kusema hapana. Baadaye, katika miaka mingi, Amisa alifikiri kwamba kama angesema hapana labda angemwamini, kwa maana alitaka sana kumwamini. Lakini Théophile hakuwa mwongo wa kuzaliwa.

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Kikapu kilikuwa tayari nyuma ya jiko! Naapa, nenda ukakitazame, niliweka na nyasi ndani. Nilikuambia usiwapake. Nilikuambia!"

"Hukuniambia kwa nini."

"Nilidhani watabaki nyuma, nitawaficha ndani ya kikapu, Madamu asijue. Lakini ulikuwa unawapaka mbele ya macho yake. Alikuwa anahesabu! Kama ningepiga kelele, angejua nataka kuwaiba. Barua angeichana pale pale. Na bila barua ni nini? Hakuna Kabambare. Hakuna nyumba. Nitakupeleka wapi, kwa mama yangu anayekuita mama wa mikia? Nilinyamaza kwa ajili yetu, Amisa. Kwa ajili yako."

"Sauti ulikuwa nayo. Kwa mikono yangu ulipiga kelele mpaka ndege wakaruka."

"Kwa sababu ni weye! Weye si paka!"

"Ndiyo," alisema. "Miye si paka."

Akamlaza Kapitani chini, akamvuta Mirette karibu naye, akawafunika kwa ile nguo aliyokuwa amejitanda mabegani. Akasimama. Alikuwa msichana wa aibu, asiyeweza kumtazama mwanaume usoni zaidi ya pumzi moja. Sasa alimtazama.

"Nitakuuliza neno moja, ukinijibu vizuri nitapanda kamyo. Kule Kabambare tutazaa. Siku moja mutoto wetu ataokota kitu chini na kukipeleka mudomoni. Kitu kibaya, na weye unajua ni kibaya. Na mukubwa wako atakuwa amekaa barazani, anaangalia, ana karatasi yako mapajani. Utafanya nini?"

Uso wa Théophile ulikunjamana. Machozi yalimtoka, na Amisa, Mungu amsamehe, alitaka kuyafuta. Moyo wake wote ulisogea mbele. Jibu lilikuwa jepesi, mtoto wa miaka mitano angelijua. Alingoja. Alimwona akivuta pumzi, akifungua mdomo.

"Théophile!" Madamu aliita. "Kuja kuchukua barua, kamyo inangoja!"

"Ndiyo, Madamu!" Théophile alijibu.

Akageuka. Hakufikiri. Miguu yake ilikwenda yenyewe, hatua tatu, hatua nne, mpaka alipogundua alichofanya. Akasimama katikati ya ua, kati ya paka waliolala, akatazama nyuma kwa hofu.

"Nakuja sasa hivi, Amisa. Usiondoke. Nakuja kukujibu."

Akapanda ngazi za baraza mbili mbili.

Amisa alitoka langoni. Kamyo ilikuwa inanguruma, imejaa magunia ya mchele na watu juu yake. Asani alichungulia kutoka kiti chake, kofia nyuma ya kichwa.

"Bibi harusi! Kiti chako nimekifuta kwa shati yangu. Bwana iko wapi?"

"Anachukua barua yake. Nipe furushi langu, kaka Asani."

"Furushi? Kwani hupandi?"

"Sipandi."

Asani alikuwa mtu wa maneno mengi, njia nzima ya Kabambare ilimjua kwa matusi na nyimbo. Alimtazama msichana yule, mikono yake yenye rangi ya mawese kwenye mistari ya viganja, kifua cha nguo yake kilicholowa. Akatoa furushi chini ya kiti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Juu ya magunia mama mmoja mwenye mbuzi alikuwa anagombana na jirani yake juu ya nafasi.

"Mama ya mbuzi!" Asani aliita. "Shuka, kuja mbele huku! Kiti kimepatikana!"

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi. Leo ni siku yake."

Mama yule alishuka kwa shangwe, akamsukuma mbuzi ndani, akambariki Amisa kwa watoto saba. Asani alingoja kidogo, anatazama lango. Kisha akaangalia jua, akatikisa kichwa, akaachia breki. Kamyo ilianza kuteremka taratibu, vumbi jekundu likifunguka nyuma yake.

Ndipo Théophile alipotoka, anakimbia, sanduku lake dogo mkono mmoja, bahasha mkono mwingine. Alimwona Amisa amesimama kando ya njia na furushi kichwani. Aliona kamyo inakwenda. Alisimama kati ya vitu hivyo viwili, na kwa muda mdogo, mdogo sana, alikuwa bado wa wote wawili.

Alikimbilia kamyo.

Alilirusha sanduku juu ya magunia, watu wakalidaka. Ubao wa nyuma ulikuwa mrefu, na kuupanda kulitaka mikono yote miwili, kwa hiyo barua aliibana kwa meno. Wanaume wakamkamata shati, wakamvuta, wakacheka. Alipokwisha kushika chuma aligeuka kumtazama. Kamyo iliingia kwenye mabonde ya barabara, ikayumba, hakuthubutu kuachia mkono hata mmoja. Amisa alimwona vizuri, shingo yake ndefu, macho yake yaliyojaa maji, yakimwomba. Alimwona anataka kumwita. Lakini bahasha ilikuwa kati ya meno yake, na hakuifungulia mdomo.